Duka la Bosi, Duka Letu

Kuna Waingereza wanaokusanya vibati. Si sarafu za dhahabu, si stempu. Ni vipande vyembamba vya bati, shaba na alumini vilivyotumika zamani kwenye maduka ya ushirika, yakiwemo ya vijiji vya wachimba makaa ya mawe. Kimoja ni cha duara, kingine cha pembe nane, kingine kina tundu katikati. Juu kumepigwa chapa jina la chama, halafu thamani: nusu peni, shilingi, pauni moja, au mkate mmoja. Kwenye vingi, kwa herufi za kukazia macho, utaona jina la mtengenezaji: Ardill, Leeds.

Vimenikesha usiku kadhaa kwenye tovuti za minada, ambako vingi huuzwa kwa bei ya kahawa ya mjini. Kilichonivuta si uzuri, maana havina uzuri wowote. Ni kwamba kabla ya hapo tokeni ilikuwa kitu ambacho mfanyakazi wa Uingereza alikichukia kabisa. Wazee walipigana ili malipo ya vibati yaondolewe, mpaka bunge likatunga sheria. Halafu watoto na wajukuu wao wakaanza kutengeneza vibati vyao wenyewe na kuvitunza ndani ya kopo juu ya kabati kama akiba. Nilitaka kujua ni nini kilibadilika hapo katikati.

Tuanze na vile vya kwanza. Mwishoni mwa karne ya 18, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa chenji. Serikali haikutengeneza sarafu ndogo za kutosha, na mwajiri mwenye mamia ya vibarua hangeweza kumlipa kila mmoja kwa dhahabu. Mwaka 1787 kampuni ya mgodi wa shaba wa Parys, kisiwani Anglesey huko Wales, ikaamua kutengeneza peni zake yenyewe kwa shaba yake yenyewe. Zilikuwa nzito, shaba yake ilikuwa ya kweli, na watu wakazipokea hata mbali na mgodi. Kwa hiyo tokeni ya mgodi haikuzaliwa kama wizi. Ilizaliwa kwa sababu ya chenji, kama zile peremende unazopewa dukani badala ya shilingi mbili zako.

Shida ilikuja pale tokeni ilipokubalika katika duka moja tu, na duka lenyewe likawa la mwajiri. Waingereza waliuita mfumo huo truck, na duka la aina hiyo wakaliita tommy shop. Mshahara wako ni kibati. Kibati kinapokelewa kwa bosi peke yake. Bosi ndiye anayepanga bei ya unga, na huo unga pengine umechanganywa na chaki. Ukiishiwa kabla ya siku ya malipo unakopa dukani humohumo, na mshahara unaofuata unakatwa hata kabla hujauona. Benjamin Disraeli, ambaye baadaye alikuja kuwa waziri mkuu, aliliweka duka kama hilo ndani ya riwaya yake Sybil ya mwaka 1845, ili tabaka lake lione jinsi wengine wanavyonunua nyama na unga.

Bunge lilipiga marufuku mwaka 1831: wafanyakazi wa viwanda na migodi walipwe kwa sarafu halali. Mwaka 1887 ikabidi sheria ipanuliwe, iwafikie karibu wafanyakazi wote wa mikono. Miaka 56 ilipita kati ya sheria hizo mbili, na waajiri hawakulala muda huo wote. Ujanja mmoja ulikuwa kulipa kwa sarafu sawasawa, lakini siku ya malipo ikawa mbali. Ukitaka kula kabla ya hiyo siku, duka la kampuni liko wazi, karibu. Marekani, kwenye makaa ya mawe ya milima ya Appalachia, tokeni za kampuni ziliendelea hadi katikati ya karne ya 20. Wimbo wa Sixteen Tons, uliorekodiwa na Merle Travis mwaka 1946, unahusu hilo deni la duka la kampuni.

Usicheke ukidhani ni mambo ya kale. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na tangu hapo naishi kwa kuandika. Kuna mteja aliyenilipa makala matatu kwa vocha ya supermarket. Vocha ya tawi moja, ya kutumia siku moja, bila chenji. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiwa na kilo kumi za mchele begani, maana kondakta wa matatu hapokei vocha. Ndiyo maana nikisoma kuhusu truck sihitaji mtu wa kunifafanulia uchungu wake uko wapi. Mchele ulikuwa mzuri tu. Kilichoniuma ni kwamba mtu mwingine aliamua pesa yangu itanunua nini, wapi, na lini.

Sasa twende Durham, kaskazini mashariki mwa Uingereza, mkoa ambao kwa zaidi ya karne moja maisha yake yalikuwa makaa ya mawe. Huko malipo ya vibati hayakuenea kama yalivyoenea Staffordshire au Wales Kusini. Mwenye mgodi alikuwa na kamba nyingine. Mchimbaji alitia sahihi mkataba wa mwaka mzima, ulioitwa bond, na akiuvunja aliweza kufungwa jela. Nyumba aliyolala ilikuwa ya kampuni. Na mwenye duka wa kijijini, hata kama hakuajiriwa na mgodi, alijua vizuri ni nani mwenye nguvu pale.

Mwaka 1844 wachimbaji wa Durham na Northumberland waligoma. Familia zilitolewa kwenye nyumba za kampuni, zikalala nje na vyombo vyao. Lord Londonderry, mmoja wa wenye migodi wakubwa, hakuishia hapo. Aliwaonya wenye maduka wa mji wa Seaham, mji aliouhesabu kuwa wake, kwamba yeyote atakayewakopesha wagomaji atawekwa alama na kukosa biashara yake na ya watu wake. Fikiria mama mboga wako wa mtaani anapigiwa simu na kampuni unayoidai mshahara, anaambiwa: huyu usimpe sukuma ya kukopa tena. Mgomo ulishindwa. Njaa ilimaliza kazi ambayo polisi na wanajeshi hawakuimaliza.

Mwaka uleule, tarehe 21 Disemba 1844, mbali kidogo na hapo, mji wa Rochdale karibu na Manchester, watu 28, baadhi yao wafumaji wa nguo, walifungua duka kwenye barabara ya Toad Lane. Mtaji wao ulikuwa pauni 28 walizochanga kidogokidogo. Bidhaa zao zilikuwa chache za kuchekesha: unga, siagi, sukari, shayiri na mishumaa. Hawakuwa wa kwanza duniani kufungua duka la ushirika, na mengi ya kabla yao yalikuwa yameshakufa. Walichofanya wao ni kuandika kanuni ambazo zilifanya kazi. Mtu mmoja kura moja, hata awe na hisa ngapi. Bidhaa safi, mizani ya kweli. Kununua kwa pesa taslimu, hakuna kukopa. Na faida irudi kwa mnunuzi kulingana na alivyonunua.

Hiyo kanuni ya mwisho ndiyo iliyozaa vibati vipya. Wachimbaji na wake zao waliiita divi, kifupi cha dividendi, na hesabu yake ilikuwa hivi. Tuseme nyumba yenu inanunua vitu vya pauni moja kila wiki. Kwa robo mwaka, wiki 13, ni pauni 13. Mkutano wa wanachama umepitisha divi ya shilingi mbili na peni sita kwa kila pauni. Wakati huo pauni moja ilikuwa na shilingi 20, na shilingi ilikuwa na peni 12. Kwa hiyo mnarudishiwa shilingi 32 na peni sita, zaidi ya matumizi ya dukani ya wiki nzima. Hizo ndizo zilizonunua viatu vya watoto.

Lakini karani atajuaje umenunua za pauni 13? Kuandika kila ununuzi wa kila mama kwenye daftari kulichosha. Ndipo vyama vingi vikatumia tokeni. Ukinunua vitu vya shilingi tatu, unalipa pesa zako, unapewa bidhaa, na juu yake unapewa vibati vya shilingi tatu. Unavitupa ndani ya kopo nyumbani. Robo mwaka ikiisha unabeba kopo hadi dukani, vinahesabiwa, jumla inaandikwa kwenye akaunti yako. Unaona tofauti? Kibati cha tommy shop ulipewa kabla ya kununua, badala ya pesa yako. Kibati cha ushirika ulipewa baada ya kununua, kama risiti kwamba sasa duka ndilo linalodaiwa. Bati ni lilelile, lakini deni limegeuka upande.

Kulikuwa pia na vibati vya kulipia kabla, vya mkate na maziwa. Unavinunua ofisini, jioni unaweka kimoja mlangoni kando ya chupa tupu, asubuhi mtu wa maziwa anachukua kibati na kuacha chupa iliyojaa. Anayenunua tokeni ya stima leo hahitaji maelezo zaidi.

Durham ilichelewa kidogo, lakini ilipoanza haikurudi nyuma. Wachimbaji waliunda chama chao cha wafanyakazi mwaka 1869, na mwaka 1872 ule mkataba wa bond ukafutwa. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1870, kijiji cha Annfield Plain kilianzisha chama cha ushirika, na kufikia 1873 kilikuwa na jengo lake. Sidhani ni bahati tu kwamba mambo haya yalikuja pamoja. Watu walewale waliokaa mkutano wa chama cha wafanyakazi Jumamosi ndio waliokaa kamati ya duka wiki iliyofuata. Walijifunza kusoma mizania huku wakiwa na vumbi la makaa kwenye kope.

Maduka ya namna hii yalikua hadi yakawa karibu kijiji kizima. Upande mmoja vyakula, mwingine vitambaa na nguo, mwingine vyombo vya chuma, misumari, taa, ndoo. Vyama vingi vilikuwa na bucha, watengeneza viatu, chumba cha kusoma magazeti, hata huduma ya mazishi. Ndani, pesa zilipitishwa juu ya vichwa vya wateja kwa mtambo hadi kwa keshia aliyeketi peke yake, kisha chenji ikarudi njia hiyohiyo. Nyumba ya mchimbaji basi ilikuwa na vibati vya aina mbili. Kimoja cha mgodini chenye namba yake, ambacho kilionyesha amechukua taa na ameshuka chini. Kisiporudishwa jioni, watu walijua kuna mtu hajapanda. Tarehe 16 Februari 1909, kwenye mgodi wa West Stanley, karibu kabisa na Annfield Plain, mlipuko uliua wanaume na wavulana 168. Kibati cha pili kilikuwa cha dukani, na huyo aliyekihesabu mara nyingi alikuwa mke.

Hili la wake linahitaji kusemwa taratibu. Mwanamke aliyeolewa Uingereza hakuwa na haki kamili ya kumiliki mali yake mpaka sheria ya mwaka 1882. Hakupata kura ya bunge sawa na mwanamume mpaka 1928. Lakini vyama vingi vya ushirika vilimruhusu kuwa mwanachama kwa jina lake, na pale alikuwa na kura. Mwaka 1883 wanawake waliunda umoja wao ndani ya ushirika, Women's Co-operative Guild, na kupitia umoja huo walipigania mambo makubwa kuliko bei ya siagi, yakiwemo malipo ya uzazi. Mume alikuwa na mshahara na baa. Mke alikuwa na divi. Waingereza wazee hadi leo wanakumbuka namba ya uanachama ya mama zao, kwa sababu walipotumwa dukani wakiwa wadogo waliikariri njiani kama wimbo.

Nisije nikakuuzia hadithi tamu tupu. Divi kubwa ilipendwa sana, na njia rahisi ya kuikuza ni kupandisha bei. Mikutano iligombana juu ya hilo: wenye nafuu walitaka divi nono, wenye watoto wengi walitaka unga wa bei ya chini leo. Na kanuni ya pesa taslimu iliwafungia nje maskini kabisa, ambao waliendelea kukopa kwa maduka ya watu binafsi.

Kisha kuna chai. Maduka ya ushirika yalikuwa na kampuni yao ya jumla, CWS, iliyoanzishwa 1863, na ushirika wa England na Scotland kwa pamoja ukanunua mashamba ya chai India na Ceylon, nchi tunayoiita sasa Sri Lanka. Kwa mama wa Durham hii ilikuwa habari njema, chai bila dalali. Lakini aliyeichuma Ceylon alikuwa Mtamil aliyeletwa kutoka kusini mwa India, mara nyingi akiwa na deni kwa msimamizi aliyemleta. Hakuwa mwanachama. Hakuwa na kopo la vibati. Kisiwa hichohicho, katika karne ya 19, mashamba ya kahawa ya Wazungu yaliwalipa vibarua kwa tokeni za shamba. Kwa hiyo duka lilimilikiwa na wateja wake upande wa kaunta, na upande wa shamba lilikuwa bosi kama mabosi wengine. Kwa sisi tunaotoka nchi inayouza chai, hilo si jambo la kuruka.

Mtihani mkubwa ulikuja 1926. Wenye migodi walitaka kupunguza mishahara na kuongeza saa za kazi. Wachimbaji walikataa, na kuanzia Mei wakafungiwa nje, zaidi ya milioni moja nchi nzima. Mgomo wa jumla wa wafanyakazi wengine uliowaunga mkono ulidumu siku tisa, ukaisha. Wachimbaji walibaki peke yao hadi Novemba. Miezi saba bila mshahara.

Bodi za misaada kwa maskini zilisaidia wake na watoto, mara nyingi kwa vocha za chakula. Bodi ya Chester-le-Street, huko huko Durham, ilionekana na serikali kuwa mkarimu kupita kiasi. Waziri wa Afya, Neville Chamberlain, aliivunja mwezi Agosti na kuweka watu wake. Hapo ndipo maduka ya ushirika ya vijiji vya migodi yalivunja kanuni ya Rochdale. Yalikopesha. Unga, chai, viatu, kwa watu ambao hakuna aliyejua watalipa lini. Mengine yalibeba hayo madeni miaka mingi baadaye, na wachimbaji wakalipa kidogokidogo kutoka mishahara ambayo sasa ilikuwa imepunguzwa, maana hata safari hii walishindwa.

Lakini linganisha na 1844. Safari ile, lord mmoja aliweza kuwatolea onyo wenye maduka wa mji mzima. Mwaka 1926 hakukuwa na mtu wa kumwonya. Mwenye duka na mgomaji walikuwa mtu mmoja. Serikali iliweza kuvunja bodi ya misaada, lakini haikuweza kumfukuza mama kwenye kamati ya duka aliyochaguliwa na majirani zake. Wakati ule kanuni ya kutokopa ilikuwepo kwa sababu deni lilikuwa mnyororo wa bosi. Deni la 1926 lilikuwa kwa duka lao wenyewe, na waliokubali kulitoa walijua hasara ikitokea itakatwa kwenye divi yao.

Vibati vilikufa polepole. Kibati hakina jina la mtu, kikipotea kimepotea, na kughushi bati si kazi ngumu. Vyama vikahamia kwenye vikaratasi vyenye namba ya mwanachama, kisha mwishoni mwa miaka ya 1960 zikaja stempu za divi za kubandika kitabuni. Tarehe 15 Februari 1971 Uingereza ilibadilisha hesabu ya pesa, peni 100 kwa pauni, na vibati vyenye thamani ya zamani vikakosa hata maana. Vyama vya vijiji viliunganishwa kuwa vikubwa, mbali na vijiji. Wearmouth, mgodi wa mwisho wa chini ya ardhi katika makaa ya Durham, ulifungwa 1993. Jengo la duka la Annfield Plain lilikuwa limeshabomolewa kwa uangalifu na kujengwa upya katika jumba la makumbusho la Beamish, ambako wanafunzi wanapelekwa kuangalia makopo ya biskuti na ule mtambo wa pesa.

Sisi tuliipata Rochdale kwa mlango wa pembeni. Chama cha kwanza cha ushirika Kenya kilikuwa cha walowezi, Lumbwa, 1908. Sheria ya kwanza ya ushirika ilikuja 1931, na ile iliyofungua njia kwa Waafrika ikaja 1945. Soma Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 1997 utakuta kanuni zilezile: uanachama wa hiari, udhibiti wa wanachama, elimu, kujali jamii. Kila SACCO unayoijua, ya walimu, ya matatu, ya wakulima wa kahawa, ina kidole cha wale watu 28 wa Rochdale ndani yake.

Wakati huohuo simu zetu zimejaa vibati vya aina ile nyingine. Pointi za supermarket zinazoisha muda bila kukuuliza. Salio la app ya kazi ambalo unaweza kutumia kununua bando lakini si kutoa. Pointi zinapoitwa zawadi mimi huuliza maswali ya mchimbaji: nani anapanga thamani yake, ninaweza kuitumia wapi, na kuna mkutano wowote ambapo ninaweza kunyanyua mkono? Jibu likiwa ni yeye, kwake tu, na hapana, basi hiyo ni tommy shop yenye rangi nzuri.

SACCO angalau ina mkutano. Nilimuuliza shangazi yangu, mwanachama wa miaka kumi na minane, kama huwa anaenda.

"Naenda," akasema. "Kuna nauli na soda."

"Na zile hesabu, shangazi?"

"Zipo kwa kitabu. Mimi hufungua pale pa dividendi, nikiona ni sawa nafunga."

Nilimweleza habari ya Durham, ya kamati na kopo la vibati, na ugomvi wa divi na bei ya unga. Akasikiliza hadi mwisho, akauliza kama hao watu walikuwa wakilipwa nauli. Mkutano wao ni Machi. Nimemwomba asikitupe kitabu safari hii, tukisome pamoja kutoka ukurasa wa kwanza.